Jabali la Irente, Lushoto: nimelitazama kutoka juu, kisha kutoka chini

Tulikwenda Lushoto baada ya Krismasi, tarehe 27 hadi 30 Desemba: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na wifi yangu aliyekuja kutoka Dar kula sikukuu nasi. Nimechelewa kuandika kwa sababu Januari ni mwezi wa sare za shule, na fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, kama mimi, mwezi huo hapumui. Lakini watu kadhaa hapa mtaani wameniuliza, "Mama, Irente panafaa kwenda na watoto?" na kila nikianza kujibu najikuta nimeongea robo saa nzima mteja akiwa amesimama na kitambaa chake mkononi. Bora niandike mara moja.

Mama yangu ni Msambaa wa Soni, kwa hiyo siandiki kama mgeni aliyeona ukungu kwa mara ya kwanza. Irente nilipelekwa nikiwa na miaka tisa, mwaka 1996. Tulikwenda kwa miguu na bibi, tukakaa juu ya mwamba, tukala magimbi ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, tukarudi. Hapakuwa na geti. Ninachokumbuka zaidi ni upepo, na mkono wa bibi ulioshika gauni langu kwa nyuma muda wote nisije nikasogea ukingoni.

Njia nayo niisifu, maana inastahili. Ukitoka Tanga unapita Muheza, Segera na Korogwe, unafika Mombo, na hapo ndipo unapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha ukaanza kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, huku bonde, huku mwamba. Mombo jasho linakutoka hata ukiwa kivulini. Ukifika Soni, ambako ni kama katikati ya safari, watoto wanaanza kuulizia masweta. Maporomoko ya Soni unayaona kutoka barabarani, na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimemalizika karibuni, maji yalikuwa mengi. Mji wenyewe wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa baridi hiyo, wakauita Wilhelmstal.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ndogo karibu na soko. Safi, blanketi mbili kila kitanda, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo ukiagiza, asubuhi chapati na chai ya maziwa. Sina neno nayo.

Tarehe 28 asubuhi tukaenda Irente. Vijana wa bodaboda watakwambia ni mbali, ila ukiwa na miguu mizima nenda kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili ukiwa na watoto, kupitia Yoghoi, kati ya mashamba ya kabichi na karoti, na njiani unakuta wasichana wadogo wamepanga mafyulisi na matunda damu kwenye mabakuli. Wifi yangu alinunua bakuli mbili akazimaliza kabla hatujafika. Kabla ya jabali kuna shamba la kanisa ambako wanauza jibini, mkate mweusi na jamu wanazotengeneza wenyewe. Simameni hapo. Tulikaa kwenye majani chini ya miti, tukala mkate na jibini, watoto wakacheza, na hakuna aliyetusumbua. Kama ningeandika kuhusu hapo peke yake, ningetoa nyota zote nilizonazo.

Kisha tukafika getini.

Kiingilio tulilipa shilingi 2,000 kila mtu mzima, 1,000 kila mtoto. Si pesa nyingi na sikulalamika. Niliomba risiti, kijana akasita, akaingia ndani, akarudi na kitabu akaniandikia. Muombe na wewe. Risiti ile ina namba ya simu, na nitaieleza mbele.

Ukishaingia, kabla hujaliona bonde, unaliona soko. Mkono wa kushoto kuna fremu kubwa ya mbao yenye umbo la moyo, imepakwa rangi nyekundu, imesimikwa pale pale ukingoni penye mwonekano bora kuliko kwingine kote. Kukaa ndani yake upigwe picha ni shilingi 1,000, na asiyelipa anaombwa asogee. Pembeni yake bembea, 2,000. Spika mbili za kimo cha mtoto wangu zinapiga singeli kwa sauti ambayo mume wangu alilazimika kuninong'oneza kwa kupiga kelele. Jiko la nyama choma. Choo cha shilingi 500 ambacho hakikuwa na maji. Na kijana anakodisha shuka nyekundu, fimbo na shanga ili mtu apige picha akiwa "Mmasai".

Hilo la shuka liliniuma kuliko nilivyotarajia. Hapa ni Usambaa. Nyika ya Wamasai iko kule ng'ambo ya bonde, unaiona kwa macho. Watu wa mlima huu wana ngoma zao, wana mavazi yao, wana lugha ambayo bibi yangu alinisemesha siku ile ya 1996 juu ya mwamba huo huo, na hakuna kitu hata kimoja cha kwao kilichokuwa pale isipokuwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Mgeni aliyetoka mbali ataondoka akiamini Lushoto ni Umasaini.

Mimi ni mfanyabiashara. Naamka saa kumi na moja kutafuta riziki kama wale vijana, sina ugomvi na anayeuza. Mama wa mahindi abaki pale mpaka azeeke, mahindi yake ni matamu na aliwapa watoto wangu ndimu na pilipili bila kuwaongezea bei. Ugomvi wangu ni kwamba pale kila kitu kina bei na kila bei ina mwenyewe, ila taka hazina mwenyewe.

Nieleze nilichokiona, maana neno "uchafu" kila mtu analitumia na halikuonyeshi kitu. Kuna pipa moja la chuma lililokatwa nusu. Lilikuwa limejaa na kuzidi, na chini limeoza, kwa hiyo ukilitazama kwa makini unaona taka zimetokea upande wa pili. Kwenye nyufa za mwamba, pale ambapo bibi aliniketisha, kulikuwa na chupa za maji, chupa ndogo za pombe kali, maboksi meupe ya chipsi, na nepi ya mtoto iliyofungwa vizuri kana kwamba mwenyewe aliona aibu, kisha akaiacha. Jiwe lenyewe limeandikwa majina kwa rangi ya kopo, mioyo na tarehe. Nyuma ya jiko la nyama kuna shimo jeusi wanakochomea. Plastiki ilikuwa ikiungua polepole, na upepo ukigeuka moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye fremu ya moyo.

Na vifungashio. Hapa naomba mnivumilie, ni kazi yangu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mimi nilikuwa mmoja wa walioanza kushona mifuko mbadala. Najua kitambaa chake kinatakiwa kiwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, nimekataa marobota mepesi mara nyingi na nimepoteza wateja kwa hilo. Kwa miezi kadhaa mwaka ule barabara za Tanga zilikuwa safi mpaka ukajiuliza huu ni mji gani. Halafu vikaingia vile vyembamba, vinavyoonyesha ndani, ambavyo vimeruhusiwa kufungia bidhaa kiwandani na si kubebea. Mwaka 2021 baraza la mazingira likatangaza kuvikamata vinavyotumika kama mifuko. Irente niliviona vimenasa kwenye kila kichaka cha ukingoni, vinapepea. Karanga, ubuyu, maembe ya kukata, kila kitu kilichouzwa pale kilikuwa ndani ya kifungashio. Viroba vya pombe, vile vipakiti vidogo, vilikatazwa Machi 2017, na leo pombe ile ile iko kwenye vichupa.

Nilimuuliza mama wa mahindi taka zinaenda wapi. Akasema, "Tunachoma, dada. Gari la taka halifiki huku. Na zile zinazopeperuka, zinapeperuka." Nikamuuliza kama kuna mtu analipwa kusafisha. Akasema kulikuwa na mzee, alikuwa anapewa elfu tatu kwa siku, wakaacha kumpa, akaacha kuja.

Sasa mandhari yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka. Nitasema bila kupunguza neno: hakuna kitu kama ile. Unasimama, ardhi inakatika mbele ya vidole vyako, na karibu mita 1,000 chini yako kuna dunia nyingine. Mistari ya mkonge imenyooka kama mishono. Barabara kuu ni uzi wa kijivu na malori juu yake kama vifungo vinavyotembea. Reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905, unaifuata kwa macho mpaka inapotelea kwenye joto. Mkono wa kulia unaiona milima ya Upare, na mbele nyika hadi macho yachoke. Mwewe anapita chini yako, unamwona mgongo. Binti yangu, ana miaka kumi na moja na siku hizi hakuna kinachomshangaza, alikaa kimya dakika nzima kisha akasema, "Mama, bibi alikuwa anakaa huku kila siku?"

Ndipo likatokea lililonifanya niandike haya.

Kulikuwa na kundi la vijana wamekaa karibu na bembea. Mmoja akamaliza maji yake, akazungusha mkono, akairusha chupa bondeni. Upepo ukaibeba. Ikaelea, ikang'aa juani, ikazunguka, na wenzake wakashangilia, wa pili naye akarusha. Mwanangu wa kiume, ana miaka saba, akaona mchezo. Akainama akaokota chupa iliyokuwa miguuni mwake, akaunyanyua mkono.

Nilimdaka kiganja. Sikumpiga, ingawa nilishtuka kiasi cha kumpiga. Akaniuliza kwa unyofu kabisa, "Mama, si inaenda chini tu?"

Nikamwonyesha mabati yanayomeremeta kule bondeni. Nikamwambia, "Pale ni Mazinde. Chini ndiko kwa babu."

Huyo babu ni mjomba wangu, kaka yake mama. Alishuka kutoka Soni akiwa kijana kwenda kukata mkonge, akaoa huko, akastaafu huko, na mpaka leo yuko huko. Mama hupenda kusema kwamba si yeye wa kwanza kuteremka. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala kutoka Vuga, juu mlimani. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja akajiimarisha Mazinde kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na bidhaa, na nguvu ikashuka naye bondeni. Siku hizi kinachoshuka Mazinde kutoka juu ni maji na kilichomo ndani ya maji.

Hatukupanga kwenda kwake safari hii. Lakini jioni ile tulipokaa gesti, mwanangu akauliza mara tatu kama chupa zilimpiga babu. Mume wangu akasema, "Basi kesho tukamwone." Tarehe 29 tukapanda gari la kushuka Mombo, kisha lingine hadi Mazinde. Joto la huko ni kama kufunua sufuria.

"Shikamoo mjomba." "Marahaba wanangu, hamkusema mnakuja, mngekuta nimechinja." Akatuletea madafu, akawashika watoto vichwa mmoja mmoja. Mwanangu hakungoja hata madafu yaishe. "Babu, chupa za kule juu zinafika hapa?"

Mjomba hakucheka. Alivaa kandambili zake akatuambia tumfuate. Nyuma ya shamba lake la mahindi kuna korongo linaloshuka kutoka mlimani. Kiangazi ni mchanga mtupu, mvua zikinyesha linapitisha maji kwa nguvu. Maji ya vuli yalikuwa yameshapita na yameacha alama yake kwenye miti ya kandokando, kimo cha kifua changu. Na kufuata alama hiyo, kwenye kila mzizi na kila mwiba, vifungashio. Chini kwenye mchanga, chupa, vizibo, maboksi meupe yaliyomeguka vipande vidogo kama wali uliomwagika. Nilijaribu kuviokota, vikanivunjikia vidoleni.

Mjomba ni mtu wa haki, alisema mwenyewe: "Si zote za Irente. Kuna za mabasi, wanatupia madirishani, lakini hizo hubaki kule barabarani. Hizi huja na maji, na maji haya hayatoki barabarani." Wajukuu zake wanaokota chupa, wana kiroba kizima nyuma ya banda, kuna mtu wa Mombo hupita kununua kwa kilo. Vifungashio havina mnunuzi. Mbuzi ndio wanaovinunua. Mwaka jana alichinja mmoja aliyekuwa amekonda bila sababu, akampasua tumbo, akakuta donge la plastiki la ukubwa wa ngumi mbili. Alituonyesha kwa ngumi zake.

Akaniuliza tulilipa shilingi ngapi kuingia kule. Nikamwambia. Alikaa kitambo akipiga hesabu, siku za sikukuu, watu wangapi, akanitazama na kusema, "Hiyo elfu mbili mnayolipa juu, inashuka huku lini?"

Sikuwa na jibu, na mume wangu ambaye huwa ana jibu la kila kitu hakuwa nalo.

Kwa hiyo, kwa waliouliza. Ndiyo, nendeni na watoto, ila muwashike. Ukingo hauna uzio wa maana na siku za sikukuu watu wanasukumana kugombea fremu. Nendeni siku ya kazi, muwe mmefika kabla ya saa mbili asubuhi. Wifi yangu alirudi Irente peke yake tarehe 30 alfajiri, akakuta spika zimezimwa, ukungu unanyanyuka, na mwamba mzima ni wake kwa karibu saa nzima. Alirudi ana machozi. Bebeni maji kwenye chupa ya kujaza tena, chakula kwenye hotpoti, na mfuko wa kitambaa wa kurudishia kila mlichokwenda nacho. Maganda yenu msiyaachie pipa lile. Mkitaka zawadi, nunueni mahindi ya yule mama na mkate wa pale shambani. Mkiwa na siku ya ziada pandeni msitu wa Magamba, kuna mbega na vinyonga, na kimya chake bado ni kimya. Mandhari ya Irente naipa nyota tano na ningeipa sita. Utunzaji wake naupa moja, na hiyo moja ni ya yule mzee aliyekuwa akifagia kwa elfu tatu.

Ile namba ya kwenye risiti niliipiga tukiwa bado kwenye basi la kurudi. Mwanamume akapokea kwa heshima, nikajitambulisha, nikamuuliza swali la mjomba kama alivyoliuliza, neno kwa neno. Akanyamaza. Akasema makusanyo ni ya kutengeneza barabara na kuboresha kivutio. Nikamwambia nimeona fremu mpya na bembea mpya, pipa jipya sijaliona. Akaniambia wazo langu ni zuri, nipige baada ya sikukuu atakapokuwepo mhusika. Nikapiga tarehe 8 Januari, mhusika alikuwa safarini. Nikapiga tarehe 15, nikaombwa niandike barua. Barua nimeiandika jana usiku baada ya kumaliza sare ya mwisho, kurasa mbili, na binti yangu amechora korongo la babu upande wa nyuma na kuweka alama pale kilipookotwa kila kitu. Inaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili.

Nimeandika mjomba ndiye mlalamikaji, na nimeweka namba yake, kwa ruhusa yake. Amesema simu yake haizimwi.